Na Akishinda Je?

Jedwali alilonitumia mpwa wangu lina safu mbili tu. Ya kwanza ina namba, kuanzia 0 hadi 5. Ya pili ina dola: 10, 10, 25, 50, 100, 150. Chini yake ameandika: "Shikamoo mjomba. Hii ndiyo kazi ninayoifanya wikiendi, na mpaka sasa niko juu kwa dola 640. Nikagulie hesabu, kisha uniambie kama ni haramu. Lakini tafadhali usianze na haramu."

Nitamwita Nassor, ingawa silo jina lake. Amezaliwa hapa Tanga, Ngamiani, na sasa anasoma uhandisi Reno, katika jimbo la Nevada, Marekani, mji ambao kasino zake hazijui usiku wala mchana. Likizo hupakia mizigo ghalani, na kwa kazi hiyo alikuwa ameweka akiba ya dola 4,000. Pombe haonji, swala haachi. Mimi ni mwalimu wa hisabati niliyestaafu, na kabla ya hisabati nilisomeshwa Minhaji, kitabu cha fiqhi cha Imamu Nawawi, na sheikh ambaye hakupokea jibu lisilo na sababu. Kijana alijua anamuuliza nani. Nikaanza na hesabu kama alivyotaka.

Mchezo wenyewe unaitwa blackjack. Mchezaji hashindani na wenzake walioketi mezani. Anashindana na mgawaji wa kasino. Kila mmoja anataka karata zake zifike 21 au zikaribie bila kupita. Ree ni 1 au 11, wazungu wote, yaani karata za picha, ni 10. Mgawaji hana hiari: akiwa na 16 lazima achukue karata nyingine, akifika 17 asimame. Mchezaji ndiye anayechagua, lakini uhuru huo anaulipia kwa kutangulia. Akipita 21 dau lake limekwenda, hata kama mgawaji naye atapita dakika moja baadaye. Kasino inaishi kwa hilo.

Mwaka 1956 wanajeshi wanne wa Marekani waliokuwa Aberdeen, jimbo la Maryland, yaani Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, walichapisha katika jarida la wanatakwimu namna bora ya kucheza kila mkono. Waliikokotoa kwa mashine za hesabu za mezani, si kompyuta. Anayeifuata namna hiyo bila kukosea huishusha faida ya kasino hadi karibu nusu ya asilimia moja. Kisha akaja Edward Thorp, aliyekuwa akifundisha hisabati MIT, akatumia kompyuta ya IBM 704 kuuliza jambo jingine: vipi kuhusu karata zilizokwisha toka? Dadu haijui ilianguka vipi mara iliyopita. Karata si hivyo. Katika jozi moja ya karata 52, ree nne zikishatoka, ya tano haipo. Thorp alitangaza matokeo yake mwaka 1961, akaenda kuyajaribu huko huko Reno na Ziwa Tahoe kwa mtaji wa dola 10,000 uliotolewa na matajiri wawili, wakapata faida ya dola 11,000. Kitabu chake, Beat the Dealer, kilitoka 1962, na kasino zikataharuki.

Hesabu ya Nassor ni nyepesi kuliko ile ya Thorp. Karata ya 2 hadi 6 ikitoka, unajumlisha moja. Ya 10, mzungu au ree ikitoka, unatoa moja. Saba, nane na tisa unaziacha zipite. Jumla ikipanda, maana yake ndogo zimekwisha na kubwa ndizo zilizobaki kisandukuni, na kubwa zinamfaa mchezaji: ree na kumi zikikutana mkononi mwake hulipwa dau na nusu yake, ilhali mgawaji akizipata hapati nyongeza hiyo; na mgawaji mwenye 16, ambaye sheria inamlazimisha achukue, hupita 21 kwa urahisi zaidi. Jumla hiyo unaigawa kwa idadi ya jozi zilizobaki. Ukiwa na 8 na jozi nne hazijatoka, hesabu halisi ni 2. Mtoto wa darasa la nne angeiweza kama angeachwa atulie. Kazi ni kuifanya kwa macho tu, midomo isitikisike, muziki unalia na mhudumu anakuuliza utakunywa nini.

Wengi wanadhani ujuzi umeishia hapo, na kumbe haujaanza. Anayehesabu vizuri kisha akaweka dola 10 kila mkono hajafanya chochote. Atapoteza sawasawa na jirani yake anayecheza kwa ule mpango wa mwaka 1956. Faida inatoka kwenye dau: kuweka kidogo karata zikiwa mbaya, na kuweka zaidi zikiwa nzuri. Hesabu halisi ikipanda kwa moja, mizani huelemea upande wa mchezaji kwa takriban nusu ya asilimia. Kwenye 1 uko sawa kwa sawa na kasino. Kwenye 2 una nusu asilimia, kwenye 3 asilimia moja, kwenye 4 moja na nusu, kwenye 5 mbili. Hizo ndizo namba za safu ya kwanza ya jedwali. Safu ya pili, ya dola, ndiyo iliyonikalisha macho.

Kuna mtu anaitwa John Kelly. Alikuwa mtafiti wa Bell Labs, na mwaka 1956 aliandika makala kuhusu upitishaji wa habari kwenye nyaya za simu. Ndani yake akauliza: mtu mwenye habari bora kidogo kuliko wenzake aweke sehemu gani ya mali yake? Si yote, kwa kuwa siku moja mbaya itammaliza. Wala si kidogo mno, kwa kuwa ujuzi wake utakaa bure. Jibu lake ni kwamba uweke kwa kadiri ya faida uliyo nayo, ukiigawa kwa kipimo cha kuyumba kwa mchezo. Katika blackjack kipimo hicho ni 1.3 hivi. Mwanahisabati Claude Shannon ndiye aliyemwonyesha Thorp makala hiyo. Kelly mwenyewe alifariki mwaka 1965 akiwa na miaka 41, kabla dunia haijajua alichoandika.

Nikachukua kalamu. Mtaji dola 4,000, hesabu ya 4, faida asilimia moja na nusu: zidisha, gawa kwa 1.3, inakuja dola 46. Nassor ameandika 100. Hesabu ya 5 inakuja 61 na senti, ameandika 150. Na Kelly anakuja na onyo ambalo ningelitundika katika kila darasa: ukiweka zaidi ya maradufu ya kipimo chake, mali yako mwishowe inapungua, ingawa kila dau uliloweka lilikuwa na faida. Soma tena. Mtu amehesabu sawasawa, mizani iko upande wake, hakuna aliyemdanganya, na bado anafilisika. Sababu ni kwamba hasara na faida hazipimani: ukipoteza nusu ya ulicho nacho, inabidi kilichobaki kizae maradufu ndipo urudi ulipokuwa. Nassor alikuwa amevuka mpaka huo mara mbili kwenye jedwali la mistari sita, akidhani ameweka tahadhari.

Hata kipimo kamili cha Kelly ni kikali. Anayekifuata ana uwezekano wa moja kwa tatu wa kuona mtaji wake umekatika nusu kabla haujawa maradufu. Ndiyo maana wazoefu huweka nusu ya kipimo: uwezekano ule hushuka hadi moja kwa tisa, na mali hukua kwa robo tatu ya kasi. Sijui biashara nyingi ambamo mtu anaacha robo ya mwendo na kupewa usingizi kiasi hicho. Kwa Nassor nusu ya kipimo ni dola 23 kwenye hesabu ya 4, na 30 kwenye 5. Lakini meza anayokaa haipokei chini ya dola 10, na hizo kumi atazitoa mikono mingi ya hesabu mbaya akingoja michache mizuri. Kupanda kutoka 10 hadi 30 hakutoshi kufidia kungoja huko, kwenye meza ya jozi sita. Kwa hiyo dola 4,000 zinampa faida bila usalama, au usalama bila faida. Ama apate meza ya dau dogo zaidi, ama asimame pembeni na kuketi hesabu ikipanda tu, ama arudi ghalani akaongeze mtaji. Wanaoanza wanachelewa sana kukubali kwamba maarifa haya, ambayo hayahitaji cheti wala mashine, bado ni ya mwenye nacho.

Nikamwongezea jambo moja. Chukua dau la wastani la dola 20 na faida ya jumla ya asilimia moja, ambayo ni nzuri. Kwa mikono 100, kama saa moja hivi, matarajio ni dola 20. Kuyumba kwa kawaida ni dola 230, juu au chini. Baada ya mikono 10,000 matarajio ni dola 2,000 na kuyumba ni 2,300. Takriban mmoja kati ya watano waliocheza vizuri kabisa atakuwa bado yuko chini ya alipoanzia. Kwa hiyo zile dola 640 zake hazithibitishi kitu. Zingeweza kuwa 640 za hasara kwa ustadi ule ule.

Akapiga simu. "Mjomba, nimerekebisha jedwali. Sasa hesabu umeikubali?"

"Nimeikubali."

"Basi mimi sichezi kamari. Mcheza kamari anabahatisha. Mimi napima, nangoja, naweka kwa kadiri. Haya si ndiyo mliyotufundisha, subira na kutofanya israfu?"

Nilikaa kimya, na si kwa sababu ya mtandao.

Tufike kwenye khutba zetu. Hapa Tanga, kama kwingineko Tanzania, vijana wanabeti mpira, na makhatibu wanalipigia kelele, na wana haki. Lakini hoja wanayoitegemea karibu wote ni moja: mwenye kampuni ndiye anayekula, wewe unaliwa. Ni kweli tupu. Kampuni ikijikatia asilimia 5 katika kila mechi, mkeka wa mechi kumi unabaki na thamani ya shilingi 60 kwa kila 100 uliyotoa, maana makato yanazidishana. Mwalimu yeyote wa sekondari anaweza kuionyesha ubaoni. Ila hoja hiyo inamfikia anayepoteza tu. Anayeshinda, tena kwa hesabu anayoweza kuiandika ubao ule ule, haimgusi. Ukimwambia "utaliwa" atakuonyesha Kelly, na atakuwa amekushinda, na atatoka msikitini akiamini kwamba ameishinda na dini.

Kwa hiyo lazima tuulize: kinachoharamishwa katika kamari ni nini hasa?

Si kutojua yatakayotokea. Wavuvi wa Deep Sea, hapa Tanga, wanasukuma ngalawa alfajiri bila kujua watarudi na nini, na hakuna aliyewahi kuwaita wacheza kamari. Sharia yenyewe inaruhusu mudharaba: mwenye mali anampa fedha mwenye kujua biashara, wagawane faida ikipatikana, na isipopatikana mmoja apoteze mali na mwingine jasho lake. Mkulima wa mahindi wa Handeni anazika mbegu akitazama mawingu. Maisha yote yako hivyo, na aliyetuumba ndiye aliyetuficha kesho. Kwa hiyo Nassor anapojisifu kwamba ameipunguza bahati katika mchezo wake, ameondoa kitu ambacho hakikuwa kosa tangu mwanzo. Kosa amelibakiza lote.

Hakukubali upesi, na nilifurahi. Alikuwa amesoma. Akaniletea Abu Bakr. Sura ya ar-Rum ilipoteremka Makka na kuahidi kwamba Warumi, waliokuwa wameshindwa na Waajemi, watashinda ndani ya miaka michache, inasimuliwa kuwa Abu Bakr aliweka dau na Ubayy bin Khalaf, dau lililofika ngamia mia. "Huyo naye alikuwa anabahatisha, mjomba? Alikuwa na wahyi!" Hoja nzuri sana. Hakuna mtu aliyewahi kuketi kwenye dau lolote akiwa na hakika kubwa kuliko ile. Lakini itazame hadi mwisho wake. Dau lile liliwekwa kabla kamari haijaharamishwa, na katika baadhi ya riwaya, ngamia walipopatikana, Mtume alimwambia atoe sadaka alichoshinda. Kama hakika ndiyo inayosafisha mali ya dau, basi mali ile ingekuwa safi kuliko zote, na pasingekuwa na haja ya kuitoa.

Akahamia kwenye shatranji, yaani chesi. Huko niko nyumbani, maana ni Minhaji. Imamu Nawawi anaharamisha nardi, mchezo wa dadu, na shatranji anaihesabu kuwa makruhu tu. Wanavyuoni wa madhehebu yetu wakatofautisha kwamba dadu inategemea bahati na shatranji inategemea fikra. Nassor akadakia: "Na mimi ni wa fikra!" Nikamwambia amalize sentensi. Katika shatranji hiyo hiyo ya fikra tupu, isiyo na dadu wala karata, pakiwekwa mali kutoka pande zote mbili, Nawawi anasema ni kamari. Hakuuliza nani hodari. Hakuuliza nani atashinda. Bingwa wa dunia akicheza na mimi kwa shilingi elfu kila upande, yeye ana hakika ya kushinda kuliko mhesabu karata yeyote, na bado ni mcheza kamari, na mimi pia.

Kuna hadithi nyingine ambayo mafakihi huitaja katika mlango wa mashindano ya farasi. Wanahadithi wamehitilafiana kuhusu isnadi yake, lakini inaonyesha namna walivyofikiri. Wawili wakishindana na kila mmoja ameweka mali, wanaruhusiwa wakiingiza farasi wa tatu ambaye mwenyewe hatoi kitu na anaweza kushinda au kushindwa. Farasi huyo akiwa ni wa matokeo yanayojulikana kabla hajakimbia, ameingizwa kwa sura tu, na ile inabaki kuwa kamari. Yaani kujua mwisho hakukuitoa kamari katika ukamari wake. Kulizuia hata ule mlango mdogo uliokuwa umefunguliwa. Nassor alinyamaza hapo, halafu akasema, "Hiyo inaniuma."

Mimi nasema sharia haisomi akili ya mmoja wa wanaofunga mkataba, inasoma mkataba. Na mkataba wa meza ile, kwa mlevi na kwa mhesabu, ni mmoja: naweka changu, unaweka chako, mmoja wetu ataondoka na vyote na hatampa mwenzake chochote badala yake. Mvuvi anayerudi na samaki hakumnyang'anya mtu. Muuza samaki ananipa changu nami nampa chake. Mtu akinunua hisa za kiwanda, na Nassor aliniuliza hilo pia, amepata kipande cha kiwanda na muuzaji amepata fedha yake; kunaweza kuwa na uchafu mwingi ndani yake na wanavyuoni wameuandikia vitabu, lakini kuna kitu kilichobadilisha mikono. Kwenye blackjack nani alipewa nini? Nassor akiondoka na dola 100, kasino haikupata hata mkono wa pongezi.

"Lakini ni kasino, mjomba! Mwizi akiibiwa!"

Hapa nakiri, na ni maoni yangu, sina chembe ya huruma kwa kasino. Wanaita huu mchezo wazi kwa kila mtu, na anapotokea anayeucheza vizuri wanamfukuza. Nevada kuhesabu kwa kichwa si jinai. Jinai ni kutumia kifaa, kwa sheria ya mwaka 1985. Lakini mwenye kasino anaruhusiwa kukuambia uondoke. New Jersey ni kinyume: mwaka 1982 Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo hilo iliamua katika kesi ya mhesabu karata Ken Uston kwamba kasino hazina mamlaka ya kumzuia mtu kwa sababu tu anahesabu. Kasino zikaongeza jozi na kuchanga karata mapema zaidi. Siku hizi meza nyingi zimeshusha malipo ya ree na kumi kutoka tatu kwa mbili hadi sita kwa tano, badiliko dogo kwa jicho ambalo humkata mchezaji zaidi ya asilimia moja. Hao ndio watu ambao Nassor anasema anawaibia.

Ila fedha iliyo kwenye trei ya mgawaji ilitoka kwa nani? Kasino hailimi. Ilitoka kwa mzee wa pensheni aliyeketi kiti cha tatu, na kwa dada aliyeleta kodi ya nyumba. Nassor anadhani yuko kinyume na kasino, kumbe yuko nyuma yake kwenye foleni: inawala wao, naye anakula kutoka kwenye sahani yake. Kwa hiyo anahitaji waendelee kuliwa. Siku wote mezani watakapocheza kama yeye, meza itafungwa kesho yake asubuhi.

Wapo waliojaribu kulitakasa jambo hili kwa nia. Mwaka 2011 ilitoka filamu ya kweli ya Bryan Storkel, Holy Rollers, kuhusu kundi la Wakristo wa Seattle, wengine wao wachungaji, waliokuwa wakihesabu karata kwa mtaji wa pamoja na kushinda fedha nyingi. Sikuwacheka. Walikuwa na nidhamu ambayo jamaa wengi wa misikiti hawana. Lakini Waarabu wa kabla ya Uislamu waliwatangulia kwa hili. Maisiri yao ilikuwa kuchinja ngamia na kuchomoa mishale kumi, saba yenye mafungu na mitatu mitupu; waliotoka na mitupu walilipia mnyama, na washindi walikuwa wakiwapa maskini ile nyama na kuona fahari. Fungua Sura ya pili, Aya ya 219: Qurani haikukana kwamba mna manufaa ndani yake. Iliyataja manufaa, ikasema dhambi yake ni kubwa zaidi. Kama ungekuwa mchezo ambao kila mtu anapoteza, aya hiyo isingekuwa na haja ya kutaja manufaa. Katazo linamhusu mshindi tangu mwanzo. Sijui kwa nini hatulisemi hivyo mimbarini.

Na kuna lile la kujificha. Mhesabu hawezi kudumu akijulikana. Nassor aliniambia hushika bilauri ya soda yenye barafu na kipande cha limau ili ifanane na pombe, hucheka kwa sauti anapopoteza, na huongeza dau kwa sura ya mtu aliyepagawa. Haonji, lakini analazimika kuonekana ameonja. Isha huiswali garini, kwenye maegesho ya kasino, kisha anaingia kuwa mtu mwingine kwa saa nne. Sikumwambia kitu kuhusu hilo. Yeye mwenyewe alipolisema alisita, na nadhani alisikia alichosema.

Swali lake la mwisho lilikuwa zile dola 640. Nilimwambia azitoe kwa maskini wa mji ule ule zilikotoka, bila kuandika jina na bila kungoja thawabu za sadaka, kwa kuwa mtu hatoi sadaka kisicho chake, anakiondoa tu. Wanavyuoni wamehitilafiana kama mali ya namna hii irudishwe kwa aliyeitoa. Mimi sioni kwa nini irudi kununulia meza nyingine, na mzee wa kiti cha tatu hatumjui alipo. Alilalamika kwamba aliihenyea kwa kichwa chake, zaidi ya alivyohenyea mizigo ghalani. Nikamwambia namwamini; na mwenye kuchimba shimo usiku kucha kwenye shamba la jirani naye amehenya.

Mpaka naandika haya, 400 zimetoka. Mia mbili na arobaini ziko benki. Anasema ni za kujazia ada ya muhula ujao, kisha atazifidia. Ada najua ni jambo la kweli, na dada yangu hana wa kumkopa. Hata hivyo si zake.